Mwenyekiti Chini ya Ukurasa

Mnaponiletea simu zenu hapa nyumbani Nachingwea mkisema, "Bibi, hebu angalia tovuti yangu," mnaona ninavyofanya. Nainyoosha simu mbali na uso, nakunja macho mpaka maandishi yanapotea. Najua mnachekea pembeni mkidhani bibi haoni. Naona vizuri, tena kuliko baadhi yenu mliokua na vioo mkononi. Nakunja macho ili nisiweze kusoma. Maneno yakishapotea unabaki mpangilio mtupu: kipi kizito, kipi chepesi, jicho linatua wapi kwanza. Mengi ya mnayoniletea hayana pa kutua, na nawaambia hapo hapo, mkinuna mnanuna.

Watu wa mjini wananiita Mama Kurasa. Nimepanga kurasa tangu nilipotoka kwetu Chiola nikiwa msichana, kwanza za karatasi, baadaye za mtandao, mpaka mgongo uliponikatalia kukaa mezani. Niliifahamu kazi yangu na sioni haya kusema hivyo. Lakini wanaowaambia kwamba Mama Kurasa hakuwahi kukosea hawakufika Mandawa msimu ule mikorosho ya Bi Somoe ilipokauka maua. Yalikauka kwa sababu ya ukurasa nilioupanga mimi, kwa mikono yangu, nikaupenda na kupigiwa makofi. Habari hiyo ndiyo ninayotaka muisome. Nivumilieni tu nianzie nyuma kidogo, maana kosa lile nilikuwa nimeshafundishwa kulikwepa, na aliyenifundisha alifanya kazi yake sawasawa.

Huyo alikuwa Mzee Hashimu, mwenyeji wa Ruangwa aliyehamia Nachingwea na mashine moja ya kuchapia, meza mbili, na rula ya chuma ambayo hakumwazima mtu. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kadi za michango na matangazo ya mikutano. Cheti hakuwa nacho, na Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya wino.

Wiki yangu ya kwanza hakunipa hata herufi moja. Alinikatia vipande vya karatasi nyeusi, virefu na vifupi, vinene na vyembamba, akanipa karatasi nyeupe, akasema, "Panga." Nikapanga. Akaja, akaigeuza karatasi juu chini, akaitazama, akasema, "Inaanguka." Akavikusanya vipande vyote akanirudishia mkononi. Hakuniambia inaanguka upande gani. Siku ya tatu nikamwambia kwamba nimetoka Chiola kuja kujifunza kazi, sikuja kucheza na vikaratasi.

"Nikikupa herufi utasoma," akanijibu bila kuinua kichwa. "Ukisoma utadhani umepanga."

Jumamosi aliigeuza karatasi yangu, akaigeuza tena. Mwisho akasema, "Haya. Jumatatu uje na nguo ya kuchafua." Nilirudi nilikopanga chumba nikicheka peke yangu njiani.

Jaribuni na ninyi. Kateni vipande vyeusi, chukueni karatasi yenye ukubwa wa kioo cha simu, mpange kabla hamjagusa kompyuta. Ukigeuza juu chini na jicho bado linajua pa kuanzia, una ukurasa. Kama halijui, hata ukiongeza rangi saba utakuwa umepaka rangi kitu kinachoanguka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, hilo nalisimulia bila uchungu. Baba mmoja alikuwa anaoza mabinti wawili Jumamosi moja, mmoja sherehe yake Nachingwea na mwingine Ruangwa kwa wakwe, akataka kadi moja kwa wote wawili. Mzee Hashimu alikuwa amesafiri kufuata wino. Mimi nikaona uzuri tu. Nikaweka majina ya maharusi wote juu, yamekaa pamoja, maua pembeni, na kumbi mbili chini, nazo zimekaa pamoja. Kila neno lilikuwa sahihi. Ila hakuna aliyeweza kujua kwa kutazama nani anaolewa wapi, basi watu wakakisia. Nusu ya wageni wa Nachingwea walipanda magari wakaenda Ruangwa, wakala, wakacheza, na wengine walishatoa zawadi kabla hawajamtazama vizuri bibi harusi.

Kesho yake nilipotoka kanisani nilimkuta yule baba mlangoni kwangu na sufuria la pilau.

"Kula, binti yangu," akasema. "Wenyewe uliwapeleka Ruangwa."

Nilikula huku naona haya, ingawa pilau lilikuwa zuri. Mzee Hashimu aliporudi hakunigombeza. Alichukua kadi moja, akaikata kwa wembe vipande vinne, akasogeza jina la bibi harusi wa kwanza karibu na ukumbi wake, la pili karibu na wake, akaacha nafasi pana katikati. Hakubadilisha hata neno. Kadi ikawa inasomeka kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Watu wanasoma ukaribu kwanza," akasema. "Maneno yanafuata baadaye." Mpaka leo nikiona kitufe kimekaa mbali na jambo lake nasikia harufu ya pilau.

Tulichogombania mimi na yeye ni nafasi tupu. Huku kwetu mteja akiona mahali peupe kwenye karatasi aliyoilipia anaona shamba lililoachwa bila kulimwa. Anataka pajazwe. Nami nilikuwa upande wa mteja, maana nimezaliwa na wakulima. Mzee Hashimu akiniachia pambizo pana, mimi nageuka nyuma yake naingiza ua, au nyota, au mstari wa mapambo. Alikuwa anaviondoa kimya kimya. Tulifanya hivyo miaka, kama mke na mume wanaogombania dirisha lifungwe au liachwe wazi. Sikumwelewa mpaka nilipofika Mandawa.

Kompyuta zilipokuja nilijifunza kwa kukodi muda kwenye vibanda vya intaneti, na tovuti zangu za kwanza nisingependa mzione. Nilikuwa nimegundua kwamba maandishi yanaweza kukimbia. Basi kila kitu kwangu kilikimbia. Jina la biashara lilitoka kulia kwenda kushoto, namba ya simu ikatoka kushoto kwenda kulia, na neno "Karibu" likawa linawaka na kuzima katikati. Mteja mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniambia amejaribu kunakili namba yake mwenyewe akashindwa kuikamata. Nikaacha kukimbiza vitu. Nikanunua daftari la hesabu lenye miraba, nikawa nachora kila ukurasa humo kwa penseli, nahesabu miraba ya pambizo, nahakikisha vichwa vya habari vyote vinaanzia mstari mmoja wa kushoto. Daftari hilo ndilo lililonifanya fundi, na bado ninalo.

Sasa twende Nkowe.

Kulikuwa na chama kimoja cha wakulima wa korosho na ufuta, wanachama wake wametawanyika Nkowe, Mandawa na vijiji vya jirani. Jina lake naliacha. Viongozi wake walikuja kwangu wakitaka tovuti, na shida yao ilikuwa ya kweli. Kila msimu wanachama wanatangaziwa siku ya kuchukua salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho inapochanua. Nyie mliokulia mjini niwaeleze: kuna ukungu mweupe unaokaa kwenye maua, unaitwa ubwiri unga. Ukiukuta mkorosho umechanua na haujapuliziwa, maua yanakauka, na mkorosho usio na ua hauna korosho. Kwa hiyo siku ya salfa ndiyo siku ya mwaka mzima. Zamani chama kilikuwa kinamtuma mtu na kipaza sauti, anazunguka vijijini kwa pikipiki. Sasa wakasema kipaza sauti kipumzike, tangazo liwekwe kwenye tovuti, kila nyumba ina angalau simu moja ya kuperuzi.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwungwana, suti yake imepigwa pasi mpaka mstari wa suruali unakata. Alinikabidhi bahasha ya picha: yake, ya Makamu, ya Katibu, ya Mweka Hazina, na za wajumbe wa bodi.

"Mama Kurasa," akaniambia, "utatupanga kwa itifaki."

Nikawapanga kwa itifaki. Nisingeweza kufanya vingine, kwa nilivyolelewa. Mtu wetu akiandaa shughuli, kitu cha kwanza anachofikiria ni meza kuu, nani akae wapi, nani asije akajisikia amedharauliwa. Niliupanga ukurasa ule kama napanga meza kuu. Juu kabisa "Karibu Sana", chini yake picha kubwa ya Mwenyekiti na Neno la Mwenyekiti, kisha Makamu, kisha Katibu, na kuendelea mpaka mjumbe wa mwisho. Tangazo la salfa niliweka upande wa kulia, kwenye kisanduku chekundu. Kwenye kompyuta ya ofisi ulipendeza. Bodi ilipiga makofi, na mjumbe mmoja akaomba picha yake irudiwe kwa sababu alikuwa amenyoa.

Lakini kioo cha simu ni chembamba. Safu ya kulia haina pa kukaa, inashuka chini ya kila kitu. Kisanduku changu chekundu kilikuwa kimeenda kukaa chini ya wajumbe wote wa bodi. Nataka mlielewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo: nililiona. Niliufungua kwenye simu yangu, nikaliona tangazo limezama, nikajiambia, "Watashuka tu." Nikafunga simu nikaenda kula. Sikutaka kurudi kwa Mwenyekiti kumwambia picha yake imekaa mahali pa tangazo.

Msimu ukafika. Kwenye mkutano walitangaziwa kwamba salfa itagawiwa Alhamisi. Mzigo ukawahi, siku ikarudishwa nyuma, ikawa Jumatatu, na mabadiliko yakawekwa kwenye tovuti Ijumaa iliyotangulia. Waliofika Jumatatu wakachukua. Waliofika Alhamisi wakakuta ghala limefagiliwa, wakaambiwa wasubiri mzigo mwingine, na mzigo huo ulikawia. Mwenyekiti akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa imepoa.

"Watu wa Mandawa wanasema hapakuwa na tangazo."

"Lilikuwepo," nikamjibu. "Tangu Ijumaa lipo. Mimi nitakwenda kuwaonyesha."

Nilikwenda kweli, na nilikwenda kwa hasira. Nilichukua bodaboda kutoka Ruangwa mjini, vumbi linaniingia mpaka masikioni, njia nzima natunga maneno ya kumwambia mtu asiyejua kushuka chini kwenye ukurasa. Waliolalamika walinielekeza kwa Bi Somoe, mjane, umri wetu unakaribiana. Nilimkuta uani anapepeta ufuta.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwenzangu. Kaa upoe kwanza."

Nilikaa lakini sikupoa. "Nimekuja kwa habari ya tangazo la salfa. Mimi ndiye niliyetengeneza ile tovuti. Tangazo lilikuwepo, Bi Somoe."

"Yawezekana," akasema. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na simu. Ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka pembe moja, naye aliitumia pamoja na mkwewe. "Basi nionyeshe nilipokosea."

"Fungua wewe, vile ulivyofungua siku ile. Mimi nitatazama."

Vijana, sentensi ile niliisema kwa ubishi, lakini ndiyo sentensi bora niliyowahi kusema katika kazi yangu. Mpeni mtu simu yake mwenyewe, mfunge mdomo, mtazame.

Alifungua. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. "Karibu Sana" ikatokea, tukasubiri. Picha ya Mwenyekiti ikashuka polepole, kwanza nywele, kisha macho, kisha tai. Bi Somoe alikuwa anasoma kila neno kwa sauti ya chini, kidole kinafuata mstari, kama mtu anavyosoma barua iliyotoka mbali. Hakuruka kitu.

"Hapa anatusalimu," akaniambia. Akaendelea. "Hapa anamshukuru Mungu. Hapa anawashukuru viongozi wenzake." Akashuka. "Huyu Makamu. Huyu Katibu." Tukasubiri tena. Picha ya Mweka Hazina ikaanza kuteremka, na hapo akasimamisha kidole. "Siku ile niliishia kwa huyu. Bando likakata."

Akaendelea kuitazama simu.

"Nikasema basi, si neno. Kama kungekuwa na jambo la haraka, wangelitanguliza. Mtu aliyekuja kukwambia shamba lako linaungua hakai kukusalimia hivi."

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Maneno yote niliyoyatunga juu ya bodaboda yalikwisha. Picha nilizoweka mimi, kubwa, nzito, za watu waliovaa suti, ndizo zilizokula bando la mama yule kabla hajaifikia siku yake. Nikamwambia, "Kosa ni langu. Si la chama. Mimi nililiona nikaliacha."

"Nimekusikia," akasema Bi Somoe. "Lakini kusema kosa ni lako hakurudishi ua."

Akanichukua tukaenda shambani nyuma ya nyumba. Mikorosho ilikuwa mikubwa, mizuri, na maua yake yote yamekauka, meusi, yanavunjika ukigusa. Sikujua nishike nini. Nikasema tu lililonijia, kwamba mikorosho imepandwa mbalimbali sana, mtu angeweza kuongeza mingine katikati.

"Ndivyo majirani walivyomwambia marehemu," akajibu. "Wakamcheka, hatua kumi na mbili toka mti hadi mti, shamba anamwachia nani? Yeye akawa ananyamaza. Sasa nenda katazame yao. Matawi yamegusana, katikati ni giza, wanaokota korosho za pembeni tu. Mkorosho unatoa ua pale unapoona jua. Ile nafasi unayoiona tupu ndiyo inayozaa."

Nilisimama pale nikamkumbuka Mzee Hashimu akiondoa nyota zangu moja moja kwenye pambizo. Miaka yote ile nilikuwa nadhani ananionea.

Wakati wa kuagana Bi Somoe akaniuliza, "Na mwakani utaandika wewe?"

"Wakinikubalia, nitaandika mimi."

"Basi niandikie siku. Hao wengine nitawasalimia nikiwakuta ghalani."

Nilirudi Nkowe, ofisini kwa chama, nikaomba kikao na bodi. Niliwaambia mambo mawili: kipaza sauti kirudi vijijini, na ukurasa ujengwe upya, tangazo juu, viongozi chini. La kipaza sauti walilikubali bila shida. La pili likaleta baridi chumbani. Mwenyekiti alivua miwani.

"Mama Kurasa, mimi nikae chini ya mfuko wa salfa?"

Kwa kweli hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa anafikiria kiti kile alichokalia, na wazee waliokikalia kabla yake. Nilimwelewa, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyempandisha juu kwa kuogopa jambo hilohilo. Nikamwuliza kwa adabu, "Mwenyekiti, kwenye sherehe, nani anashika kipaza sauti kwanza?"

"Mshereheshaji."

"Anasema nini?"

"Anasoma ratiba. Nini kitafanyika, saa ngapi, wapi."

"Na mgeni rasmi anazungumza lini?"

"Mwisho."

"Kwa nini asizungumze kwanza, ndiye mkubwa?"

Mwenyekiti akaanza kufuta miwani yake. Mjumbe mmoja mzee aliyekuwa anasinzia karibu na dirisha akaanza kucheka peke yake.

"Basi mimi nilikukosea heshima," nikamwambia. "Nilikusimamisha kwanza, ukawa unasoma ratiba kama mshereheshaji, tena ratiba yenyewe hukupewa. Nataka nikurudishe mahali pako."

"Unanichezea akili," akasema Mwenyekiti.

"Nakupanga kwa itifaki, Mzee. Ulivyoniagiza."

Alicheka hatimaye, na bodi ikacheka baada ya kuhakikisha kwamba yeye ameshacheka. Alitoa sharti moja, kwamba picha yake hiyo moja ya chini iwe nzuri. Nikampiga picha mwenyewe pale ghalani, bila suti, ameshika tawi la mkorosho, na nikaipunguza uzito ili isile bando la mtu.

Nilirudi mezani na vipande vyeusi. Nilikata karatasi yenye ukubwa wa simu ya Bi Somoe, nilikuwa nimeipima kwa kiganja changu, nikawa napanga. Kitu kimoja kizito juu: siku. Chini yake, karibu kabisa, mahali. Kisha nafasi pana, ambayo safari hii sikuitia ua wala nyota. Kisha cha kuja nacho, yaani kitambulisho cha chama na mfuko. Vyote vinaanzia mstari mmoja wa kushoto. Nilipoumaliza ukurasa nikaupeleka soko la Ruangwa kwenye simu yangu, nikawa namwonyesha mtu nisiyemjua, nahesabu moja mpaka tano, nauficha, nauliza, "Umeona nini?" Wa kwanza akasema ameona kidole changu. Nikajifunza kushika simu vizuri. Waliofuata wote waliniambia siku na mahali, na muuza dagaa mmoja akaniuliza kama salfa ile wanapewa na wasio wanachama.

Nilimpelekea pia Mzee Hashimu, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaiuza mashine na macho yake yamefifia. Aliichukua simu akafanya alichofanya maisha yake yote, akaigeuza. Ukurasa nao ukageuka. Akaigeuza tena, nao ukageuka tena.

"Kitu hiki kina kiburi," akasema.

Nikauzuia usigeuke, nikamrudishia. Akaigeuza juu chini, akakunja macho. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nilisimama nikisubiri neno lake kama Jumamosi ile ya vikaratasi.

"Hauanguki," akasema, akaomba chai.

Msimu uliofuata siku ikabadilika tena, kama kawaida ya mizigo. Mkutanoni walisema Ijumaa, gari likawahi, ikawa Jumanne. Nikaiweka Jumanne juu ya ukurasa Jumamosi iliyotangulia. Jumanne asubuhi nikaenda Nkowe mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la ghala. Baiskeli zilifika, bodaboda zikafika, watu wa Nkowe, watu wa vijiji vya karibu. Jua likapanda. Wa Mandawa wawili watatu nikawaona, Bi Somoe simwoni. Mwenyekiti alipita akanisalimia, nami nikamjibu huku natazama barabara. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama simu yake imekufa, au bando, au kama nimekosea tena mahali nisipopajua.

Akaja saa nne, juu ya bodaboda, ameshika mfuko wake mtupu na kitambulisho ameshakitoa. Alipanga foleni, akapewa salfa yake, akaifunga vizuri kwa kamba. Ndipo akaniona.

"Mwenzangu, na wewe umefuata salfa?"

"Nimekufuata wewe," nikasema. "Nilitaka kujua ule ukurasa mpya umeuonaje."

"Ukurasa gani?"

"Wa chama. Kwenye simu. Nimeupanga upya wote."

Bi Somoe akafikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta kitu cha kusema asije akamvunja moyo mgeni. Mwisho akatikisa kichwa.

"Ukurasa sikuuona," akasema. "Niliona Jumanne."

Akapanda bodaboda na mfuko wake mapajani, akaondoka, maana alitaka kupulizia kesho yake alfajiri, umande ukiwa bado uko kwenye maua.

Basi mkiniletea simu zenu, mkaniona nimekunja macho na kunyamaza, msinicheke na msiniharakishe. Natafuta Jumanne.